Mipaka ya trak na ujanja wa mchujo: kokoto, matuta, kamera au adhabu kali?

KonaYaTisa

Wakuu, heshima kwenu. Kila wikiendi ya Formula 1 ikiisha tunarudi palepale: huyu kafutiwa muda, yule kapita mstari na hajaguswa, mwingine kasimama kwenye kona siku ya mchujo na kuwaharibia wenzake. Leo tuweke ushabiki pembeni. Njia za kukomesha haya mambo zimeshajaribiwa nyingi, tuzilinganishe.

Kwa wageni wa mchezo: mstari mweupe ndio mwisho wa barabara. Zile kingo za rangi nyekundu na nyeupe ziko nje. Tairi moja ikibaki kwenye mstari uko salama. Zikitoka zote nne, siku ya mchujo (ya kugombea nafasi za kuanzia mbio) mzunguko wako unafutwa. Kwenye mbio unavumiliwa kidogo, kosa la tatu unaonyeshwa bendera nyeusi na nyeupe, la nne unapigwa sekunde 5.

Kipimo changu ni Austria 2023. Trak ya Spielberg ni fupi, kilomita 4.318, na kona mbili za mwisho, ya 9 na ya 10, zinakata kulia kwa kasi huku zikiteremka. Nje yake wakati ule kulikuwa na lami tupu, kwa hiyo ukipanuka hupotezi kitu, unaongeza kasi. Mchujo wa Ijumaa ulifuta mizunguko 47. Perez wa Red Bull peke yake alifutiwa mitatu kwenye Q2, kipindi cha pili cha mchujo, akaanza wa 15 akiwa na gari lililokuwa linawanyanyasa wote mwaka ule. Jumapili visa vya kukaguliwa vikazidi 1,200. Waamuzi wakazidiwa, mbio zikaisha, timu ya Aston Martin ikaweka pingamizi, na matokeo ya mwisho yakatoka saa kama tano baadaye. Sainz aliyemaliza wa nne akashuka hadi wa sita. Ocon alijikuta na sekunde 30 za adhabu.

Baada ya pale kuna waliotaka kokoto, waliotaka matuta, waliotaka kamera na waamuzi wengi zaidi, na waliosema waachiwe tu wapite watakapo. Mimi ni mtu wa kokoto. Karibuni.

TairiLaini

Niko na wewe mkuu, na ushahidi ni hiyohiyo Austria mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2024 waliweka ukanda mwembamba wa kokoto nje ya kona ya 9 na ya 10, ule utitiri wa visa ukakatika. Dereva hakuhitaji kuambiwa na mtu yeyote.

Watu wengi hawajui hesabu yake. Gari la F1 wakati ule lilikuwa na upana wa mita 2. Ukingo ukiwa mwembamba kuliko gari, tairi za nje zinaingia kwenye kokoto kabla tairi za ndani hazijavuka mstari mweupe. Yaani anayevunja sheria lazima kwanza apoteze muda. Hapo mwamuzi anaweza hata kunywa chai.

Kumbuka pia dereva amekaa chini sana, mstari wa pembeni hauoni anapoukanyaga. Anaendesha kwa kuhisi. Mpe kitu cha kuhisi.

FundiWaGereji

TairiLaini, umesimulia nusu. Wikiendi hiyohiyo ya 2024 Piastri alifutiwa mzunguko kona ya 6, ambako kokoto zipo! Angeanza wa tatu, akaanza wa saba. McLaren wakapinga, wakaambiwa pingamizi lao halikubaliki hata kusikilizwa. Jamaa alipita ukingoni kabisa, hakuingia kwenye kokoto, hakufaidika chochote, na bado karamu ikawa ya wengine. Kwa hiyo kokoto hazimalizi ubishi kama ukingo haujapimwa kwa hiyo hesabu yako.

Halafu tuseme ukweli kuhusu usalama. Lami pana iliwekwa kwa sababu tairi zikiwa kwenye lami breki zinafanya kazi. Kwenye kokoto gari likiingia kwa ubavu linachimba na kupinduka. Alonso pale Melbourne 2016 alibiringika humo humo. Zhou pale Silverstone 2022 gari lilikuwa tayari kichwa chini, likavuka kokoto bila kupunguza kasi ya maana na kuruka juu ya ukuta wa matairi. Hazikusimamisha kitu.

Na mwenye trak naye ana biashara. Trak inakodishwa mwaka mzima, kuna magari ya kawaida yanakuja. Kila anayeteleza akizama, trekta linatoka kumvuta na shughuli inasimama.

KonaYaTisa

Fundi, sikusema bwawa zima la kokoto. Nasema ukanda. Nje ya ukanda lami iendelee.

FundiWaGereji

Hapo tunaelewana. Ukanda naukubali. Ila matuta ya manjano, yale marefu kama soseji, yang'olewe kila mahali penye kasi. Tena nayaogopa kuliko kitu kingine chochote kwenye huu mjadala. Monza 2019, mbio za F3 (daraja la chini ya F1), gari la Alex Peroni lilipanda tuta nje ya Parabolica, likarushwa juu, likazunguka hewani na kutua juu ya uzio. Alivunjika mfupa wa uti wa mgongo. Mwaka 2021 pale Austin, Abbie Eaton wa W Series, mbio za wanawake, alipanda tuta na kuvunjika mgongo, na gari lake halikupinduka, lilitua tu. Kosa la sentimita kadhaa halistahili hospitali.

Hata kingo za kawaida zikichongwa vibaya zina shida. Qatar 2023 pale Losail waliweka kingo zenye meno kama piramidi, zikawa zinajeruhi kuta za tairi. Ikabidi mstari wa kona ya 12 na 13 usogezwe ndani usiku wa kuamkia Jumamosi, na siku ya mbio seti moja ya tairi isizidi mizunguko 18.

MkekaDaima

Mimi siku ile ya Austria mkeka wangu ulikuwa na Sainz ndani ya tano bora. Nimeshangilia, nimeagiza na nyama. Usiku naambiwa ni wa sita. Nyie endeleeni na kokoto zenu, mimi nataka mshindi ajulikane kabla nyama haijapoa.

DadaTelemetri

Pole kaka Mkeka 😂 Na hapo ndipo mimi natofautiana na wote wawili waliotangulia. Tatizo la Austria 2023 lilikuwa watu. Kule Geneva, kituo cha FIA (shirikisho linalosimamia mchezo huu) kinachosaidia waamuzi kwa mbali, visa vile 1,200 vilikuwa mikononi mwa watu wanne. Fikiria: mzunguko mmoja ni sekunde sitini na kitu, magari 20, kona zaidi ya moja, kila picha uirudie na kuisimamisha ili uone kama tairi imeacha weupe. Nani angeweza? Mwishoni mwa mwaka huohuo, Abu Dhabi, walianza kujaribu programu ya kompyuta inayochambua picha na kutupa zile ambazo ni dhahiri hazina kosa, binadamu wabaki na zenye utata. Hiyo ndiyo njia yangu. Haimuumizi mtu, haimsumbui mwenye trak, na inafanya kazi kwenye kona zote.

Wenzetu wa pikipiki walishazoea ukali huu. MotoGP nje ya kingo wamepaka kijani. Ukigusa kijani mzunguko wa mwisho na uko kwenye vita ya nafasi, unashushwa, basi. Spielberg hiyohiyo, Agosti 2020, Jorge Martin alivuka wa kwanza kwenye Moto2, ushindi ukaenda kwa Bezzecchi kwa sababu ya kijani. Iliuma, lakini haikuchukua saa tano.

TairiLaini

Dada, kamera ikiona haraka bado ubishi upo. Qatar 2023 kamera ziliona vizuri tu. Piastri alikuwa ameshasimama mbele ya maikrofoni anahojiwa kama mtu wa tatu, ndipo taarifa ikaja kwamba mzunguko umefutwa, nafasi ni ya Hamilton. Norris naye alishuka mpaka wa kumi. Mashabiki wanaangalia kitu ambacho hakipo.

DadaTelemetri

Hiyo ni kuchelewa, siyo kuona vibaya. Na kuchelewa ndiko programu inakotibu. Kokoto nazo zina uchelewaji wake: mmoja akizimwaga kwenye barabara, nyuma yake wanatoboka tairi au gari la usalama linatoka.

MzeeWaPiti

Vijana wangu, kuna chaguo la nne ambalo Kona amelitaja na kulipita, la kuwaachia. Tulishaliona. Bahrain 2021, kona ya 4. Kwenye mchujo ukipanuka unafutiwa, siku ya mbio ikasemwa kona hiyo haifuatiliwi, muda haufutwi. Hamilton akapanuka pale mara 29, maana ilikuwa na faida. Baadaye wakakatazwa mbio zikiwa zinaendelea. Verstappen akaja kumpita Hamilton mzunguko wa 53 kwa kupitia nje ya kona hiyohiyo, akaamriwa arudishe nafasi, akashindwa kwa sekunde 0.745. Mstari mmoja, sheria mbili ndani ya siku mbili. Ndiyo maana mwaka uliofuata wakaamua mstari mweupe ni mstari mweupe, kila kona. Asirudi mtu hapa kutetea kuwaachia.

Lakini mbona mnazungumzia mistari tu? Mchujo una ujanja ambao hakuna kokoto wala kamera inayoutibu. Monaco 2006: Schumacher ana muda bora, Alonso yuko nyuma kwenye mzunguko mzuri. Schumacher anafika Rascasse, kona ya mwendo wa baiskeli, anakanyaga breki kupita kiasi, gari linaserereka taratibu na kusimama karibu na ukuta bila hata kuligusa. Injini inazimika. Bendera ya njano, wote wapunguze mwendo, Alonso kwisha. Waamuzi wakakaa na data yake mpaka usiku, wakasema hakukuwa na sababu ya breki ile mahali pale, wakampeleka nyuma ya wote.

Sasa linganisha na Rosberg, Monaco 2014. Alikosea Mirabeau, akaingia njia ya kutorokea, bendera ya njano, Hamilton akaharibikiwa. Waamuzi wakaangalia, wakasema hana kosa. Akaanza wa kwanza, akashinda. Mmoja kafukuzwa nyuma, mwingine kabeba kombe, na tofauti iko ndani ya kichwa cha dereva.

FundiWaGereji

Mzee, na Hungary 2007. Alonso kasimama kwenye piti (sehemu ya kubadilishia tairi) baada ya kuruhusiwa kuondoka, Hamilton yuko nyuma yake anasubiri tairi, muda unakwisha. Alonso akashushwa nafasi 5 na timu ikanyimwa pointi za watengenezaji za mbio zile. Ila watu husahau kwamba Hamilton ndiye aliyeanza, alikataa kumpisha mapema kama walivyokubaliana.

BintiPwani

Shikamoo Mzee. Ujanja wa sasa hauhitaji hata kukosea, ni kutambaa. Monza 2019, Q3, kipindi cha mwisho cha mchujo: kila mtu anataka kukaa nyuma ya mwenzake avutwe na upepo kwenye zile nyoofu ndefu, hakuna anayetaka kuongoza. Hulkenberg akakata moja kwa moja kwenye shikeni (kona za zigizaga) ya kwanza ili wengine wampite! Sainz na Stroll wanatambaa sambamba kama mabasi yanayogombea abiria. Saa ikawaishia. Ni Leclerc na Sainz tu waliovuka mstari kwa wakati, na Leclerc tayari alikuwa na nafasi ya kwanza.

Dawa iliyokuja baadaye ni muda wa juu wa mzunguko wa taratibu. Ujanja ukahama mlango: sasa wanasimama kwenye mdomo wa piti kutengeneza nafasi. Singapore 2023 Verstappen aliganda pale foleni ikajaa nyuma, akapewa karipio tu. Halafu Qatar 2024 huyohuyo akanyang'anywa nafasi ya kwanza kwa kwenda polepole mbele ya Russell, ilhali wote wawili walikuwa kwenye mzunguko wa maandalizi! Akashuka nafasi moja, Russell akaanza mbele, na Verstappen akashinda mbio. Nani anielezee kipimo hapo ni kipi.

MzeeWaPiti

Marahaba binti. Kipimo hakipo, ndiyo maana napendelea sheria ya IndyCar, mbio za Marekani: ukisababisha bendera nyekundu, yaani mchujo usimamishwe, mizunguko yako miwili bora ya kipindi kile inafutwa. Hakuna kuuliza ulikusudia au la. Perez pale Monaco 2022 aligonga ukuta Portier, Verstappen nyuma akakwama, Perez akaanza wa tatu mbele yake na kushinda. Maneno hayajaisha mpaka leo. Kwa sheria ile yangeisha palepale.

MilimaElfu

Nasoma kutoka Kigali. Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza hapa hapa, kwenye mkutano wa FIA, kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio, na Afrika haijawa na F1 tangu Kyalami 1993. Trak ikijengwa mpya, mngeshauri nini?

FundiWaGereji

Ukingo mwembamba kuliko gari, ukanda wa kokoto, kisha lami. Tuta hata moja lisiwekwe. Trak mpya ina bahati kwamba unachora vyote kwa pamoja. Kwenye trak ya zamani unabandika viraka.

DadaTelemetri

Na kamera kila kona, tangu siku ya kwanza.

TairiLaini

Mzee nirudi kwako. Leclerc, Monaco 2021. Ana muda bora, anasukuma auboreshe, anagonga pale bwawa la kuogelea, bendera nyekundu, wengine hawamalizi. Hakuna aliyesema alikusudia, alivunja gari lake mwenyewe mpaka Jumapili hakuanza kabisa. Kwa IndyCar yako unamfutia nafasi ya kwanza mtu wa nyumbani aliyekuwa anapambana kihalali?

MzeeWaPiti

Namfutia. Verstappen na Bottas nao walikuwa wanapambana kihalali, na wao gari zao zilikuwa nzima.