Bawa moja kali, lingine ukungu: nahitaji lenzi ya makro kwa vipepeo?

Maua_Nyuma_ya_Nyumba

Wakuu habari zenu. Nina kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ya ukubwa wa APS-C, lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo na nyingine ya 55-250. Bustani imechanua na vipepeo wanakuja wengi kweli, ila kuwapiga karibu kunanishinda. Nikikaribia hatua ya mwisho tu, anaruka. Akikubali kutulia, bawa la upande wangu linatoka safi, la pili ukungu mtupu, na jicho halionekani kabisa. Nimejaribu kubana tundu la lenzi hadi f/22 nikitegemea kila kitu kiwe kikali, lakini picha nzima ikazidi kulegea.

Je, ninunue lenzi ya makro ya 1:1, ile inayomweka mdudu kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi? Pia kuna mtu kanishauri nimtie kipepeo kwenye friji dakika chache apoe, kisha nimpige akiwa hasogei. Sijafanya, nimeona niulize kwanza kwa wenye uzoefu.

Papasi

Ndugu yangu, la friji usilifanye, na anayekushauri hivyo mkatalie. Kipepeo anategemea jua kupata joto. Misuli ya mabawa yake haiwezi kumnyanyua mpaka ipate joto la kutosha, kwa aina nyingi ni karibu nyuzi 30 za Selsiasi au zaidi. Ukimtoa kwenye friji ukamweka juu ya ua, hana uwezo wa kukimbia chochote: mjusi, ndege, hata sisimizi. Na picha yenyewe itakusema. Miguu imejikunja, papasi za kichwani zimelegea, mkao si wa kipepeo aliye hai na shughuli zake. Anayewajua vipepeo anaona mara moja.

Ubaridi unaoutafuta upo alfajiri. Toka kabla jua halijafika bustanini, uangalie chini ya majani na kwenye mashina ya nyasi ndefu. Utawakuta wamening'inia, mabawa yamefungwa, wengine wana umande. Muda huo unaweza kusimamisha tripodi bila haraka. Jua likiwagusa wanafungua mabawa kuota joto, na hapo ndipo unapata sehemu ya juu ya bawa yote ikiwa wazi. Kwangu mimi hakuna saa nyingine ya siku inayolingana na hiyo.

Sasa bawa moja kuwa kali na jingine ukungu. Kinachotoka kikali ni ukanda mwembamba ulio sambamba na sensa yako. Ukimpiga kwa mshazari, ukanda huo unakata bawa moja na kuliacha lingine nje, hata ukiwa na lenzi ya bei gani. Akifunga mabawa, shuka hadi usawa wake na umpige ubavuni kabisa. Akiyafungua, panda juu yake na uelekeze kamera moja kwa moja chini. Kabla ya kubonyeza angalia ncha ya bawa, kisha shina lake, kisha jicho. Vyote vitatu viwe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Ikibidi upoteze kimoja, usipoteze jicho.

Kuhusu f/22: mwanga ukipita kwenye kitundu kidogo mno unatawanyika, picha inalegea. Na kadiri unavyopiga karibu ndivyo hali inavyozidi, kwa sababu kwenye ukuzaji wa 1:1 tundu la f/22 linafanya kazi kama f/44. Baki kati ya f/8 na f/11, tundu pana kidogo, mengine yamalizwe na pembe yako.

Lenzi usinunue kwanza. Piga hesabu: sensa yako ina upana wa milimita 23 hivi. Kipepeo mwenye mabawa ya sentimita 8 anaijaza kwa ukuzaji wa 0.3 tu, na lenzi nyingi za 55-250 zinafika hapo au karibu na hapo. Kwa ukuzaji huo, f/8 inakupa ukali wa milimita nne au tano. Ukienda 1:1 hupati hata milimita moja. Yaani ungenunua lenzi halafu tatizo lako likaongezeka.

Simu_Tu

Naongezea kwa wanaotumia simu kama mimi. Ile hali ya makro ya simu nyingi inatumia lenzi pana, inakutaka usogee hadi sentimita chache kutoka kwenye ua. Hapo kivuli cha simu kinamfunika na anaondoka. Tumia lenzi ya simu ya kuvuta ya mara 2 au 3, rudi nyuma kidogo, bonyeza na ushikilie kwenye jicho mpaka fokasi ijifunge, halafu piga mfululizo.

Kioo_Wazi

Dada Papasi, nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa, ila lenzi ya makro usiifungie mlango. Kuna wale vipepeo wadogo wa bluu wenye mabawa ya sentimita 2 na ushee. Hao bila 1:1 wanabaki nukta katikati ya majani. Mimi natumia ya milimita 100, nabaki na sentimita 14 hivi kati ya kioo na kipepeo. Ya milimita 60 ilikuwa inanilazimisha kusogea mno.

Papasi

Kweli kabisa, kaka, kwa wale wadogo hoja yako inasimama. Lakini kwa aliyeanza na 55-250 kuna hatua ya katikati: kioo cha kukuza cha +2 kinachofungwa mbele ya lenzi. Kwenye 250 kinampa ukuzaji wa karibu 0.5 akiwa nusu mita kutoka kwa kipepeo. Nusu mita ni nyingi sana kwa mdudu mwenye macho yanayonasa kila kinachosogea.

Na jinsi ya kusogea ni somo lenyewe. Njoo chini, taratibu, ukielekea kwake moja kwa moja bila kukata kushoto na kulia. Jua lisiwe mgongoni kwako kiasi cha kumtupia kivuli. Msubiri aanze kunyonya. Mrija ukishazama ndani ya ua, anavumilia mengi ambayo dakika moja kabla asingeyavumilia. Akianza kupigapiga mabawa haraka, ganda hapo hapo mpaka atulie. Ila wale wakubwa wa jamii ya Papilio hupapatisha mabawa hata wakiwa wananyonya, hivyo kwao usisubiri utulivu. Panda kasi ya kupiga hadi 1/1000 ya sekunde, uache ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) ipande.

Ukimpata karibu kwelikweli utaona magamba ya bawa yamepangana kama vigae vya paa, na chembe za chavua zimeganda kwenye mrija. Kuna wakati anautoa mrija, anaukunja nusu, anaunyoosha tena kuingia kwenye ua la jirani. Hapo ndipo pa kubonyeza.

Maua_Nyuma_ya_Nyumba

Shukrani sana wakuu. Nimetoka alfajiri, nikamkuta mmoja ameshika shina la nyasi, nikapiga ubavuni kwa f/8 kama nilivyoelekezwa. Jicho na bawa vyote vikali, hata vinyweleo vya kifuani vinaonekana! Dada Papasi, Mungu akubariki. Swali la mwisho: flashi nitumie? Na nifanye nini wabaki bustanini?

Papasi

Hongera! Flashi tumia ikiwa imefunikwa kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi, maana ikiwa tupu magamba yanang'aa vibaya na rangi inapotea. Iweke nguvu ndogo, ijaze kivuli tu, jua libaki ndilo taa kuu.

Kuhusu kubaki, maua yanaleta wapita njia. Anayezaliwa kwako anataka mmea wa kiwavi. Papilio wengi hutaga kwenye michungwa na milimau, na vipepeo wa jamii ya Danaus kwenye mimea ya utomvu mweupe ya jamii ya Asclepias. Majani yataliwa, yaache yaliwe, na dawa ya wadudu usipulize kabisa. Kiwavi akishageuka pupa, kagua kila asubuhi. Akitoka tu, ananing'inia saa nzima au zaidi akisubiri mabawa yakauke, hajachanika popote, magamba yote yapo. Usimguse. Weka tripodi, f/8, sensa sambamba na bawa.