Naombeni ushauri: mpangilio wa kibodi ya kompyuta ya mkononi

Wakuu, habari za leo. Niko Arusha, naunda kompyuta ndogo ya kushika mkononi kwa Raspberry Pi Zero 2 W (kompyuta ndogo ya bodi moja). Kioo na betri vimekaa sawa, kinachonisumbua ni kibodi. Kuna nafasi ya vitufe 40 tu, safu 4 za vitufe 10, na mtu ataandika kwa vidole gumba viwili.

QWERTY, ule mpangilio wa kawaida wa herufi kwenye kibodi, ilipangwa kwa ajili ya taipu za Marekani miaka ya 1870, na kwa Kiswahili inachosha. A, tunayoitumia kuliko herufi zote, iko pembeni kabisa. Q na X zinakula nafasi bure, huku ile alama ya king'ong'o (') ya kwenye "ng'ombe" ikifichwa nyuma ya kitufe cha Fn, lazima ubonyeze viwili pamoja. Jaribu kuandika "ng'ang'ania" uone shughuli yake!

Nafikiria kuisogeza A gumba linapotulia, na Q iipishe hiyo alama. Ila kwenye Linux, mfumo endeshi wake, ukitaka kutoka kwenye programu kama less (ya kusomea faili) au vi (ya kuhariri maandishi) unahitaji q. Sasa nibadilishe vitufe vichache, au nipange upya kabisa? Waliozoea QWERTY si watanikimbia?

Halafu diodi 1N4148 za bei ya jumla, Arusha au Moshi, zinapatikana wapi? Nahitaji moja kwa kila kitufe, ili vitufe vikibonyezwa pamoja visichanganywe.