Tupeane uzoefu: dawa za usafi wa shuleni na maofisini

MamaMbili: Mwanangu anasema darasa lao hupigwa deki kwa jiki kila asubuhi, nao huingia kabla sakafu haijakauka. Amerudi leo macho mekundu. Huko kwenu hali ikoje?

Kabwela: Umenikumbusha bweni. Vyoo vilikuwa adhabu ya waliochelewa mstarini. Siku moja kabla ya ukaguzi, kiranja wa usafi aliona masinki yamekataa kutakata kwa jiki, akaamuru tumimine juu yake asidi ya kuondolea kutu bila hata kusuuza. Gesi ilipanda papo hapo, koo zikawaka, kila mtu akakimbilia mlangoni. Mwenzetu mwenye pumu alikuwa choo cha mwisho, kisicho na dirisha, akatoka akitambaa, midomo imebadilika rangi. Tulimbeba kwa blanketi hadi zahanati, akawekewa oksijeni. Jioni yake tuliamriwa kumalizia vyoo vilivyobaki.

Shangazi_Tanga: Nathibitisha. Jiki ikikutana na mkojo uliotuama pia, machozi yatakutoka.

MpendaAsili: Ndiyo maana nashauri siki. Ukiichanganya na jiki kidogo, hakuna doa litakalobaki.

FundiMaabara: Ndugu, siki nayo ni asidi. Hiyo ni gesi ileile ya klorini iliyomwangusha mwenzake Kabwela.

MpendaAsili: Nimesema kidogo! Bibi yangu alitumia siki maisha yake yote.

FundiMaabara: Bibi yako hakuwa na jiki.

Nesi_Mstaafu: Msigombane. Sakafu ya darasa huhitaji maji, sabuni ya kawaida na madirisha wazi. Jiki ibaki kwa damu, matapishi na vyoo: futa uchafu kwanza, kisha ile ya asilimia 3.5 uichanganye sehemu moja kwa sehemu sita za maji baridi, uiache dakika 10. Kunyunyizia watu dawa, hata ndani ya vile vibanda vya wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lilikukataza mwaka 2020.

Mzee_Kijiwe: Mimi nasema majivu na ndimu. Hayajawahi kumuua mtu.

Msafishaji: Mnawazungumzia wanafunzi, sisi tunaoishika dawa kila siku hamtutaji. Katika jengo la umma ninalofanyia kazi, dawa huja ndani ya chupa za maji ya kunywa, bila lebo, na glavu tunazirithi kwa waliotutangulia. Nilipoomba tutumie sabuni tu kwenye korido, msimamizi alinijibu kwamba wakubwa wasiposikia harufu kali hawaamini kuwa pamesafishwa.

Shangazi_Tanga: Kabwela, yule mwenye pumu alipona?

Kabwela: Alipona, akahamishwa shule. Kiranja aliendelea na cheo chake.

MamaMbili: Nitayapeleka ya Nesi kwenye kikao cha wazazi.

Msafishaji: Waombe na sabuni yenye harufu, la sivyo mkaguzi ataandika kuwa hawakudeki.