Naomba ushauri: mpagani niliyechoka kusubiri machipuko huku Tromsø

MpareWaTheluji (Machi 8)
Wakuu, habari zenu. Niko Tromsø, Norwei, mwaka wa nne sasa. Najua kwetu kuitwa mpagani ni tusi, ila mimi jina hilo nimelichukua mwenyewe. Nafuata zile sikukuu nane za jua na majira.

Jua lilituaga mwishoni mwa Novemba. Januari 21 likaonekana tena mjini, watu wakala maandazi ya jamu kulipokea, nikadhani nimevuka. Februari mosi nikafanya Imbolc, sikukuu ya Waayalandi ya wakati kondoo wanapoanza kutoa maziwa. Nikamimina maziwa nje, yakatoboa kishimo kwenye theluji. Asubuhi nikakuta barafu nyeupe na nyayo za paka wa jirani.

Sasa kitabu kinasema niandae maua ya machipuko. Maua gani, na theluji iko kiunoni? Najiona naigiza tu. Nalala sana, hamu ya kitu sina.

Mzee_wa_Sadaka
Rudi kanisani, mdogo wangu. Huku maziwa tunakunywa.

NesiOulu
Mzee naye! Kaka, anza na mwili: taa ya mwanga mkali (lux 10,000, lux ni kipimo cha mwanga), nusu saa kila asubuhi, na vitamini D. Hali hiyo isipopungua, muone daktari. Usiwaachie miungu peke yao.

BintiUsangi
Kalenda yako ni ya Ayalandi, wewe uko juu ya duara la Aktiki. Bibi yangu hakutambika kwa tarehe, alingoja wingu la masika litue mlimani. Maua huna, lakini mwanga unao: kufikia Machi 20 mchana wako unakuwa wa saa 12 kama wa kwetu Same, Tanzania, na katikati ya Januari ulikuwa sifuri! Hapo ndipo pa kutambikia. Ukitaka kijani, kata vijiti vya mti wa birch, vitie kwenye maji ndani. Wanorwei wenyewe hufanya hivyo.

MpareWaTheluji (Machi 25)
Mrejesho. Taa imefika, asubuhi naamka bila kugombana na mtu. Tarehe 20 nilisimama nje hadi jua linazama, karibu saa kumi na mbili jioni, kama nyumbani. Maziwa nilimimina tena. Paka alikuwepo.

Vijiti vilikuwa saba. Kimoja kimetoa jani la ukubwa wa ukucha wa mtoto, limekunjamana, linanata. Maji nabadilisha mwenyewe, mke wangu haruhusiwi kugusa.