Taa ya mbele ya baiskeli usiku: dinamo au betri ya kuchaji?

Spoku36: Wakuu, naomba ushauri. Nina Phoenix ya rimu 28, natoka kazini saa tatu usiku, kilomita 14: tisa ni lami isiyo na taa, tano ni vumbi na mashimo. Nyumbani umeme hukatika hata siku mbili mfululizo. Dukani kuna dinamo ya kusugua tairi na taa yake, na kuna taa ya kuchaji iliyoandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 8000. Nichukue ipi?

Fundi_Rimu: Hiyo 8000 isahau mkuu. LED nzuri ya wati 3 hutoa lumeni 250 hadi 300, na kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa zinakutosha kabisa, mradi mwanga uende barabarani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, iwashe taa ukiielekeza ukutani. Ukiona duara kama la tochi, nusu ya mwanga itapotea juu, tena itamwingia machoni anayekuja mbele yako. Tafuta yenye mwanga uliokatwa juu kwa mstari ulionyooka, kama taa ya gari.

Kwa umeme wa kukatika, mimi nakushauri dinamo. Inatoa volti 6, wati 3: 2.4 za mbele, 0.6 za nyuma. Ubaya wake ni kwamba ukisimama inazima, na tairi likilowa tope gurudumu lake dogo linateleza, taa inafifia. Weka na kitochi kidogo cha betri kwenye usukani kwa nyakati hizo.

Ukiifunga, mhimili wa dinamo uelekee katikati ya ekseli ya gurudumu. Ikipinda, inakula ubavu wa tairi na pedali zinakuwa nzito bila sababu.

WayaMbili: Naongezea, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Dinamo nyingi huja na waya mmoja tu, umeme unarudi kupitia fremu. Rangi na kutu vikizuia, taa inawaka na kuzima kila ukipita shimo, na mtu anaenda kununua globu mpya wakati globu ni nzima. Kwangura rangi pale skrubu ya kishikio inapogusa uma, au bora zaidi vuta waya wa pili kutoka kwenye bodi ya dinamo hadi kwenye taa.

Jambo jingine: kwa globu za kawaida, ya mbele ikiungua, umeme wote unakwenda kwenye ya nyuma, nayo inaungua papo hapo. Beba ya akiba ya 6V 2.4W.

Spoku36: Asanteni. Je, naweza kutoa globu nikaweka LED ya tochi?

WayaMbili: Si moja kwa moja. Dinamo inatoa umeme wa kwenda na kurudi. LED tupu itapepesa na mwisho itakufa. Inahitaji daraja la diodi nne, linalogeuza umeme uende upande mmoja tu. Nunua taa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya dinamo, diodi zimo ndani tayari.

Betri18650: Ukiamua betri, zipime kwa mzani. 18650 halisi (ile betri ya duara ya lithiamu ya kuchaji) ina gramu 45 hivi. Ukikuta 30, weka chini. Na iliyoandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) ni uongo mtupu. Yenye 2600 kweli inaendesha wati 3 kwa saa mbili na nusu hivi, yaani safari zako mbili au tatu. Pawabenki nayo inafaa, ila nyingine hujizima taa ikiwa kwenye mwanga mdogo, kwa kuwa inadhani simu imejaa. Waya wake uuzungushe kwenye usukani na kuufunga kwa mpira wa tyubu, ili mtikisiko usivute tundu la kuchajia.

Fundi_Rimu: Na usisahau kuilenga. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani. Taa ikiwa sentimita 90 kutoka chini, kitovu cha mwanga kiguse ukuta kwenye sentimita 60. Hapo itakumulikia mita 15 mbele, sekunde 3 kwa mwendo wako. Kwenye kipande cha vumbi ishushe kidogo, uyaone vizuri mashimo yaliyo karibu.