Naomba ushauri: binti wa kazi kwa jirani, nianzie wapi?

Wakuu, niko Uyole, Mbeya. Jirani kaleta binti wa kazi kutoka Makete, kwa kumtazama hata miaka 13 hajafika. Shule haendi. Alfajiri, na baridi hii ya mwezi wa saba, yuko nje anafua bila sweta, na juzi nimemwona na alama za fimbo mkononi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka tutoe taarifa serikali za mitaa, ila mwenyekiti wetu ni shemeji yake jirani (mambo ya mtaani mnayajua). Niende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kwa afisa ustawi wa jamii, au nipige 116, ile namba ya simu ya kusaidia watoto? Waliowahi kupiga, wanakuuliza jina? Naogopa mtoto akirudishwa kulekule atapigwa zaidi.