Wajuzi wa Kichina, kwanini "siku ya mbele" ni juzi na "siku ya nyuma" ni kesho kutwa??

Mzigo_Njiani:

Wakuu habari za saa hizi. Mi najifunza Kichina mwezi wa nane sasa, kujifunza kwenyewe kwa kubangaiza tu, mwalimu mara mbili kwa wiki halafu mengine naokota WeChat nikichati na watu wa viwandani maana naagiza marumaru kutoka Foshan. Wiki iliyopita nusura nikosane na mteja. Dada wa kiwandani kaniandikia 后天装柜, houtian zhuang gui. Zhuang gui naijua, ni kupakia kontena. Tian ni siku. Na hou najua ni nyuma, si mlango wa nyuma wanaita houmen. Basi nikajumlisha mwenyewe, siku ya nyuma + kupakia kontena = kontena lilishapakiwa siku za nyuma, na Kichina chao kitenzi hakigeuki hata kidogo, zhuang ni zhuang iwe jana iwe kesho, hakuna -li- wala -ta- ya kukushtua. Nikampigia mteja, bosi mzigo uko njiani. Kumbe houtian ni KESHO KUTWA. Mzigo hata haujaguswa.

Nilivyomuuliza mwalimu akacheka weee, akaniambia na qiantian, siku ya MBELE, ndo juzi. Yiqian ni kabla, ni zamani, na yihou ni baadaye. Nikasema poa, wenzetu wamegeuza, yaliyopita yako mbele yajayo yako nyuma, nikakariri hivyo. Hazijapita siku mbili nakutana na qiantu, "njia ya mbele", nikajua ni historia ya mtu, naambiwa ni mustakabali wake! Halafu kuna shang ge yue, mwezi wa juu, huo ni mwezi uliopita, na xia ge yue, mwezi wa chini, ndo ujao. Sa nauliza, kwa Mchina jana iko wapi? Mbele, nyuma au juu? Na kuna jamaa kaniambia Wachina wanaona muda unashuka toka juu kwenda chini kama maji ukutani, ni kweli au stori za vijiweni?

Bi_Laoshi:

Mdogo wangu pole, wanafunzi wangu karibu wote hujikwaa hapohapo na wengi wanafanya kosa lako la pili, la kukariri kwamba "wamegeuza". Hawajageuza kitu.

Fikiria foleni ya benki. Aliye mbele yako amefika kabla yako, aliye nyuma yako amefika baada yako. Sasa zipange siku kwenye foleni hiyo. Juzi imefika mapema kwahiyo iko mbele, kesho kutwa bado inakuja kwahiyo iko nyuma huko mkiani. Ndo qiantian na houtian, hata ukienda mbali zaidi, da qiantian ni siku moja kabla ya juzi na da houtian ni mtondo. Humo kwenye foleni wewe hutembei na wala hakuna anayeuliza umeangalia wapi, siku zinaangaliana zenyewe kwa zenyewe. Lakini qiantu ni habari nyingine, pale hiyo "tu" ya Kichina ndiyo njia, kuna mtu anatembea na mbele ni anakoelekea, basi lazima mbele iwe ni ya baadaye. Neno ni lilelile qian ila picha ni mbili, foleni na safari.

Na usidhani sisi hatuna. Tunasema "huko mbele ya safari", "siku za usoni", hiyo ni picha ya msafiri. Lakini mtu akifariki tunasema katangulia mbele za haki, na wazee wa kale tunawaita waliotutangulia. Ametangulia maana yake nini? Yuko mbele kwenye foleni! Wachina wana methali, qianren zai shu, houren chengliang, watu wa mbele wanapanda miti na watu wa nyuma wanapumzika kivulini. Watu wa mbele ni mababu, watu wa nyuma ni wajukuu. Mswahili akiisikia hiyo anaielewa bila kufikiria, tatizo linaanza akipewa tarehe.

Tena kwa biashara yako kuna mtego mkubwa kuliko houtian. Kiswahili ukisema kikao kimesogezwa mbele maana yake kimeahirishwa. Mchina akikuandikia 提前, tiqian, ambayo ni kama kuleta mbele, maana yake KIMEWAHISHWA. Kuahirisha wanasema tuihou, kusukuma nyuma. Rudi kwenye foleni, ukivutwa mbele si unahudumiwa mapema? Ila ukitafsiri neno kwa neno kwa Kiswahili umepotea, meli inaondoka tarehe 5 wewe unaisubiri 15.

Otis_wa_Wuhan:

Bi Laoshi amemaliza hiyo ya mbele na nyuma mimi sina la kuongeza, wacha nishike hiyo ya juu na chini kwa sababu ilinisumbua nikisoma Wuhan.

Shang na xia ni kweli ziko kila mahali. Wiki iliyopita, shang ge xingqi. Mara ijayo, xia ci. Asubuhi ni shangwu na mchana ni xiawu, yaani juu ya adhuhuri na chini ya adhuhuri. Karne iliyopita nayo ni ya juu, nusu ya kwanza ya mwaka ni shang bannian. Na kitu moja tamu sana, unaweza kurudia, shang shang ge yue, mwezi wa juu juu, ni ule kabla ya uliopita, nimesikia msee akirudia shang tatu na kila mtu mezani akahesabu na yeye.

Sasa hiyo ya ati wanaona muda ukishuka. Iko na historia yake. Mwaka 2001 mwanasaikolojia anaitwa Lera Boroditsky alitoa utafiti, watu wanaonyeshwa vitu vimepangwa wima ama vimelala, halafu wanaulizwa haraka swali la muda kama Machi inakuja kabla ya Aprili, kweli ama si kweli. Wachina walijibu haraka zaidi wakishaona picha za wima, wanaoongea Kiingereza wakawa kinyume, basi dunia nzima ikapiga kelele, lugha inakupangia vile unafikiria! Lakini 2007 kukatoka utafiti mbili tofauti, moja ya January na Kako na nyingine ya Chen, wote walijaribu kurudia hiyo kitu ikakataa. Na Chen alifanya kitu rahisi sana ambayo mimi naipenda kuliko yote, alihesabu maneno kwenye habari za Kichina, akapata ati qian na hou zinatumika kwa muda mara nyingi kuliko shang na xia. Boroditsky alirudi 2011 na wenzake, na jaribio lingine la kubonyeza vitufe, wakasema hapana, wima iko. Kwa hivyo bado wanavutana. Mimi maoni yangu, kuwa na neno mdomoni si lazima uwe unaona picha kichwani. Tukisema "muda mrefu" nani anaona kamba?

Na usisahau maandishi. Kichina kiliandikwa kutoka juu kwenda chini kwa maelfu ya miaka, mistari ikitoka kulia kwenda kushoto. Kule China bara gazeti la Guangming ndilo lilianza kulaza mistari Januari 1, 1955, na Renmin Ribao ikafuata Januari 1, 1956. Yaani kuna wazee wako hai walijifunza kusoma kwa kushuka. Ukisoma hivyo, kilichotangulia si kiko juu?

Toni_ya_Tatu:

Mi niliacha Kichina kwenye ma, ma, ma na ma, silabi moja toni nne. Nawasoma tu nacheka. Endeleeni.

Mzigo_Njiani:

Bi Laoshi shikamoo, hiyo foleni imeniingia moja kwa moja, na tiqian asante sana maana nimeenda kukagua meseji za zamani nimekuta moja nililielewa kinyume, bahati haikuwa na madhara. Otis asante mkuu.

Ila bado nina mawili. Kama mwezi uliopita ni shang ge yue mbona jana sio shang tian? Nilimuandikia hivyo yule dada akaniletea emoji za kucheka kama kumi. Na la pili, mbona usiku ni wanshang na asubuhi mapema ni zaoshang, hiyo shang si ni juu, juu si ni iliyopita, usiku umepita vipi wakati ndo kwanza unaingia?

Bi_Laoshi:

Marahaba. Emoji ulizistahili, 上天 shangtian ni Mbingu, ni Mungu juu aliko. Tian ni siku lakini kwanza ni anga, kwahiyo ulimwambia dada wa watu Mwenyezi alipakia marumaru. Jana ni zuotian, neno lake peke yake. Mwaka nao una mambo yake, mwaka jana ni qunian, mwaka uliokwenda zake, na mwakani ni mingnian, mwaka unaong'aa, lakini ukifika mwaka juzi foleni inarudi tena, qiannian. Kwa hiyo juu na chini zishike kwenye wiki, mwezi, na "mara", siku na mwaka zikariri kivyake. Usitafute mantiki, hata sisi tuna "mwaka kesho" lakini "mwezi kesho" hatuna.

Shang ya wanshang sio ileile. Angalia inakaa wapi. Ikitangulia, shang ge yue, inasema ipi kati ya mbili. Ikifuata nyuma ya jina ni mahali tu, zhuo-shang ni mezani, wan-shang ni usikuni kama vile. Ni -ni yetu hiyo! Jio-ni, mwaka-ni, karibu-ni, ni mahali tumepageuza kuwa wakati. (Zamani usiiweke humo, ile ni ya Kiarabu.)

Mlamba_Kamusi:

Nimechelewa lakini siwezi kupita kimya. Bi Laoshi umegusa -ni, ongeza na -po. "Nilipofika", "hapo kale", "papo hapo", po ni mahali na sisi tunaitumia kusemea wakati asubuhi mpaka jioni wala hatushtuki. Kichina chenyewe kina zai, ta zai jia, yuko nyumbani, halafu ta zai chifan, anakula sasa hivi. Zai ileile. Kuwa mahali na kuwa katikati ya tendo kwao ni kitu kimoja.

Na kuna neno moja kila nikilisoma nalitafuna upya, yuzhou, ulimwengu. Maandishi yao ya zaidi ya miaka 2000 iliyopita yanafafanua kila silabi, yu ni pande nne na juu na chini, zhou ni kale iliyokwenda na sasa inayokuja. Yaani hawana ulimwengu wa nafasi peke yake, ukitaja tu umeshataja na wakati. Ona hata mambo madogo ya ofisini, tarehe wanaandika mwaka, mwezi, siku, na anwani wanaandika mkoa, mji, wilaya, mtaa, namba ya mlango, jina la mtu mwishoni kabisa. Mzigo_Njiani angalia anwani ya kiwanda chako kwenye ankara, lazima inaanza Guangdong, Foshan ndo inashuka. Kubwa kwanza, ndogo baadaye, kwa saa na kwa mahali sheria ni moja.

Halafu hamjamtajia zuoyou. Kushoto-kulia. San dian zuoyou ni saa tisa hivi, inaweza kuwa kushoto kidogo inaweza kuwa kulia kidogo. Na saa zao hazina mambo yetu ya saa moja asubuhi, wakisema qi dian ni saa moja yetu.

Mzigo_Njiani:

Hahaha zuoyou naijua hiyo, "shi hao zuoyou", tarehe kumi hivi, nimeambiwa tangu mzigo wa kwanza, nikadhani ni jina la meli.

Basi mrejesho. Jana nimemuandikia dada namba tupu, 12号装柜吗, yaani tarehe 12 mnapakia ndio au hapana, hakuna mbele hakuna nyuma. Kajibu neno moja, 马上. Nimelitafuta, ma ni farasi na shang ni juu, juu ya farasi???

Bi_Laoshi:

Mashang, "sasa hivi". Mtu keshapanda farasi anaondoka.

Otis_wa_Wuhan:

Keshapanda wapi. Mimi mwenye nyumba Wuhan aliniambia mashang ya kutengeneza hita mwezi wa kumi na moja, farasi akafika mwezi wa tatu. Usimpigie mteja bado.